Kifungu cha Kumi na Nne

Simu ililia saa kumi na moja alfajiri:
ng'ombe wa Bi Ndeshukurwa, kule Kyaseni, Uru,
analia tangu usiku, amesusa majani,
anampanda mwenzake bandani.
Yuko kwenye joto. Mwisho ni jioni.
Elinami akafunga mtungi wa mbegu nyuma ya pikipiki,
akagusa programu yangu, akaondoka.

Programu niliitengeneza mwenyewe,
chumba cha juu ya duka la vipuri, Mbuyuni,
miezi saba, feni moja, chapati za mkopo.
Ndani yake mazizi mia nne na kumi,
kila zizi na nukta yake ya kijani.
Nukta ni zangu. Ardhi iliyo chini ya nukta,
barabara, mito, majina, nimeiazima
kwa watu wa mbali, niliowabofyia "Nakubali"
kama anayeitikia hodi asitazame nani.

Kupita kanisani mtandao ukakata.
Migomba ikafunga mbingu,
ramani ikawa kijivu kama uji uliolala,
na nukta ikaelea peke yake
haina njia ya kuiendea.
Akapanda ukuta wa mawe kutafuta kijimnara kimoja:
"Dada, mbona hukuiweka ndani ya simu?"

Nikafungua masharti. Kurasa thelathini na mbili.
Nikayasoma kama wosia wa tajiri asiye ndugu yangu.
*Usihifadhi. Usinakili.
Usichore juu yake ukaita chako.
Usiondoe nembo yetu kwenye kona.
Usiichanganye na ramani ya mwingine*
(vyungu vya wake wenza, jiko moja, havigusani).
*Watazamaji wakizidi, utalipia kila jicho.*

Kidole changu kikasimama pale kwa Manka Mshonaji.
Jina lile niliwapa mimi!
Mwaka juzi, Jumapili tatu, mimi na Elinami
tulipita vichochoro tukiwajazia majina;
wakatutumia picha ya nishani, na asante.
Leo siruhusiwi kulinakili
neno nililowatia mdomoni.
Umemkaribisha mgeni ndani, umemwandalia kiti,
naye anakuuliza kibali chako cha kukaa.

Mfongo wa Kyaseni hauna nembo.
Bi Ndeshukurwa ana Jumanne, na Ijumaa asubuhi.
Maji yakifika anafungua kwa jembe,
zamu ikiisha anaziba kwa matope na magome ya mgomba.
Asiyekuja siku ya kuzibua, hapewi zamu.
Basi. Masharti yote yanatosha kiganjani,
na ukiyavunja utakutana na macho ya jirani,
si barua ya wakili.

Elinami alifika saa nane, kwa kuuliza:
mtoto aliyetumwa chumvi, muuza mbege,
mwanamke aliyefichwa na mzigo wake wa majani.
Hakuna aliyemtoza.
"Nimechelewa, sijui," alisema akinawa mikono.
"Tutajua baada ya siku ishirini na moja."

Siku zile tulizimaliza kwa miguu.
Daftari, betri mbili, malapa ya Elinami yaliyokatika Shimbwe.
Tukazipanda njia zetu juu ya ramani ile ya wazi,
ambayo sharia yake ni ndugu ya mfongo:
chota, taja ulikochota,
ulichoongeza kirudishe mferejini.
Sasa inalala ndani ya simu, mtandao uwepo usiwepo.

Jana kampuni ya chakula cha mifugo, Arusha,
imeniandikia kwa adabu nyingi.
Wanayataka mazizi yangu mia nne na kumi.
Wanauliza: masharti yako ni yapi?

Njia najua zinakorudi. Lakini mazizi?
Mlango wa Bi Ndeshukurwa, simu yake, ng'ombe wake,
ni vya nani, hata mimi nivifungue au nivizibe?
Elinami amepiga: siku ya ishirini na mbili,
ng'ombe ametulia, anakula. Huenda ameshika.
Nimecheka, nimerudi kwenye kioo.
Nimeandika "Usi".
Nimefuta.
Nimeandika tena "Usi".